Ziwa Mburo: Safari ya Siku Mbili kwa Familia ya Askari

Mtoto aliyezaliwa katika kota za polisi huiona nembo ya taifa la Uganda kila siku ya Mungu. Huiona katika karatasi za ofisini na ukutani mwa shule yake, na katika nembo hiyo huwaona wanyama wawili wakiishika ngao: upande mmoja swala wa Uganda, yule aitwaye kob, na upande wa pili korongo mwenye taji. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa amemwona wapi mnyama wa porini kwa macho yake mwenyewe, hana la kujibu. Likizo ya baba humalizikia katika mazishi, karo za shule na paa la nyumba ya kijijini linalovuja. Kutembea kwa ajili ya kuona tu huhesabiwa kuwa jambo la wageni kutoka Ulaya.

Sajini mmoja wa polisi wa mjini Kampala, mwenye mke na watoto watatu, aliamua kwamba likizo yake haitapita hivyo tena. Alikuwa na siku kumi na nne. Nane zilikuwa na wenyewe tayari. Katika sita zilizobaki alitenga mbili, na mkewe akaanza kuweka akiba kidogo kidogo miezi minne kabla, katika kopo la maziwa lililokuwa juu ya kabati. Mahali palipochaguliwa ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, katika wilaya ya Kiruhura, magharibi mwa nchi.

Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Uganda ina hifadhi za taifa kumi, na zile kubwa zina sifa kubwa, lakini pia zina gharama kubwa. Kidepo iko mbali mno kaskazini mashariki, na Murchison Falls ni pana kiasi cha kumaliza petroli ya familia kabla hawajaona nusu yake. Ziwa Mburo haifiki kilomita za mraba 400, na kutoka Kampala ni mwendo wa saa nne hivi. Udogo una neema zake. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa garini kutwa nzima akitazama nyasi, na hapa nyasi hazitazamwi muda mrefu kabla pundamilia hajatokea. Yafaa tu watoto waambiwe mapema, na waambiwe ukweli: tembo hawapo, na simba hana makao humo; mmoja mmoja ameonekana kwa nadra, kama mpita njia. Mzazi anayewaahidi watoto simba ili walale mapema atajuta atakapofika.

Kuhusu fedha, hesabu ya mke wa sajini yafaa kuigwa. Kwanza, gari halikukodiwa na familia moja. Koplo wa nyumba ya tatu, mwenye mke na watoto wawili, alikaribishwa kushiriki, na watu hao wote wakaenea katika taksi moja ya abiria kumi na wanne pamoja na vyombo vyao. (Lilikuwapo wazo la kuazima gari la kazini. Mke wa sajini alilikataa wazo hilo kabla mumewe hajamaliza kulisema, naye alifanya vyema.) Pili, kiingilio hulipwa kwa kila mtu na kwa gari. Mwananchi hutozwa kwa shilingi, tena kiasi kidogo kuliko mgeni anayetozwa kwa dola, lakini lazima aonyeshe kitambulisho cha taifa. Viwango hubadilika, kwa hivyo ni vema kuuliza katika ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kabla ya kuondoka, na kuuliza pia njia ya kulipa. Tatu, nalo ndilo jambo ambalo wengi hawalifahamu, kiingilio hicho hudumu saa 24. Anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka jioni amelipia usiku asioutumia. Anayeingia saa nane mchana hupata jioni ya kwanza na asubuhi ya pili, yaani nyakati zile mbili ambazo wanyama hutembea, na kutoka kesho yake kabla ya saa nane.

Hesabu ilikuwa imekamilika, isipokuwa nafasi moja katika gari. Nafasi hiyo ilikuwa ya mama yake sajini.

Bibi huyo, aliyezidi miaka sabini, ni Muhima. Alizaliwa na kuolewa katika vilima vile vile ambavyo sasa ni hifadhi. Alipoambiwa kwamba wajukuu wanakwenda Mburo na kwamba naye amewekewa nafasi, hakujibu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, pale nilitolewa na mtoto mgongoni, sikulipwa hata senti. Leo nilipe mimi, ili niruhusiwe kuingia?"

Maneno hayo yana historia ndefu nyuma yake. Nchi hiyo ya nyasi, iitwayo Nshara, ilikuwa malisho ya Bahima na mahali pa kuwinda pa Omugabe, mfalme wa Ankole. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 iliangamiza mifugo. Baadaye mbung'o waliingia, watu wakahama, na serikali ya kikoloni ikapambana na wadudu hao kwa kufyeka vichaka na kupiga risasi wanyama wa porini waliowalisha. Katika 1933 eneo lilitangazwa kuwa la uwindaji wenye masharti, na baada ya uhuru likawa pori la akiba, lakini wafugaji waliruhusiwa kuendelea kuishi humo. Halafu, katika 1983, serikali ya Obote ililigeuza kuwa hifadhi ya taifa. Wakazi hawakushauriwa. Inakadiriwa kwamba familia zipatazo 4,500 zilihamishwa bila fidia wala mahali pa kwenda.

Serikali hiyo ilipoanguka katika Julai 1985, wenyeji walirudi kwa hasira. Waliwafukuza watumishi wa hifadhi, wakavunja majengo, na wanyama wengi wakauawa ili pasibakie sababu ya kuwahamisha watu mara ya pili. Serikali iliyoingia madarakani katika 1986 ilipunguza sana ukubwa wa hifadhi mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ya ardhi ikarudishwa kwa wafugaji. Kilima cha bibi huyu hakikuwa katika sehemu iliyorudishwa.

Sajini alijaribu kumweleza mama yake kwamba siku hizi asilimia 20 ya fedha za kiingilio hupelekwa kwa jamii zinazoizunguka hifadhi, zikajengewa madarasa na zahanati.

"Na themanini?" akauliza bibi.

Sajini hakuwa na jibu. Mkewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kama inavyompasa mkwe, "Mama, watoto hawa wamezaliwa kota. Hakuna mwingine atakayewaonyesha mahali mlipokuwa mkinywesha ng'ombe." Bibi akaomba apewe usiku mmoja wa kufikiri. Asubuhi aliuliza kama huko kuna baridi.

Baridi ipo, ya usiku. Hifadhi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sweta la kila mtoto ni lazima, pamoja na viatu vya kufunika vidole, kofia, chandarua na tochi. Nguo za rangi ya nyasi au kahawia hufaa zaidi kuliko nyeupe na nyekundu. Hapa familia za askari zina hatari yao ya pekee: yule kijana wa miaka kumi na mitano atatamani kuvaa suruali ya baba yenye mabaka ya kijeshi. Aachwe nayo nyumbani. Sheria hairuhusu raia kuvaa nguo hizo, na porini si mahali pa kuanza kuelezana.

Chakula kilichotayarishwa kilikuwa chapati, mayai ya kuchemsha, karanga za kukaanga, ndizi mbivu na chupa mbili kubwa za chai, pamoja na mchele, maharagwe yaliyochemshwa tayari, mkaa na sufuria. Jerikeni mbili za maji safi hazikusahauliwa. Vyote vilifungwa katika ndoo zenye vifuniko, maana tumbili wa kambini hawana staha, na ngiri hupita kati ya mahema kama mbuzi wa jirani.

Majira nayo huamua mengi. Miezi mikavu, Juni hadi Agosti na tena Desemba hadi Februari, ndiyo mizuri kwa anayesafiri na watoto, kwa kuwa maji ya mashambani hukauka na wanyama husogea karibu na maziwa. Wakati wa masika nyasi hurefuka, barabara za ndani huteleza, na pundamilia wengi hutoka nje ya mipaka kwenda kula katika mashamba ya mifugo.

Waliondoka Kampala saa kumi na moja alfajiri, kabla magari hayajajaa njiani. Kwa mwananchi wa kawaida barabara ya Masaka ni barabara tu, lakini kwa familia ya askari ni kitabu. Kayabwe, kilomita 75 hivi kutoka mjini, hupita mstari wa Ikweta, na hapo watoto walisimama katika ile duara nyeupe ya saruji, mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Mbele kidogo liko daraja la Katonga. Mto huo ulikuwa mstari wa mapigano katika 1985 na mwanzoni mwa 1986, wakati jeshi la National Resistance Army lilipokuwa likiikaribia Kampala. Mwezi Mei 2023 mto ulionyesha nguvu zake wenyewe: mafuriko yaliikata barabara pale, magari yakalazimika kuzunguka mbali. Msafiri wa wakati wa mvua na aulize hali ya njia kabla ya kufunga mizigo.

Kisha Lukaya. Leo wengi wanaijua kwa kuku wa kuchoma na gonja wanaoletwa hadi dirishani mwa gari. Lakini tarehe 10 na 11 Machi 1979, kando ya kinamasi hicho hicho, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nayo walipambana na askari wa Idi Amin na Walibya waliokuja kumsaidia, na baada ya vita hivyo njia ya kwenda Kampala ilikuwa wazi. Koplo, ambaye babu yake alikuwa mwanajeshi wa wakati huo, aliwaonyesha watoto kinamasi. Watoto walitazama kwa adabu, kisha wakauliza kama gonja zimebaki.

Baada ya Masaka nchi hubadilika. Migomba hupungua, hewa hukauka, na kupita Lyantonde huanza kuonekana ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu zilizopinda kama mikono iliyoinuliwa. Njia za kuingilia ni mbili. Ya kwanza huacha lami baada ya Lyantonde na kufika lango la Nshara. Ya pili huanzia Sanga, nayo huwafaa hasa wanaotoka Mbarara, mji ulio kilomita 37 tu kutoka hapo. Familia hizi zilichukua ya kwanza. Kabla ya kufika langoni waliwaona pundamilia sita wakila pamoja na ng'ombe wa mtu, bila uzio kati yao. Watoto walipiga kelele. Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Kampala. "Hivyo ndivyo tulivyoishi," alisema.

Jambo hilo si dogo. Idadi kubwa ya wanyama wa Mburo huishi kwa sehemu ya mwaka katika ardhi za watu, wakila nyasi ambazo mfugaji amezihesabia ng'ombe wake. Ndiyo maana tangu 2001 umeruhusiwa uwindaji wa leseni katika mashamba hayo, ili wenye ardhi wapate kitu. Wapo wanaolisifu jambo hilo na wapo wanaolichukia, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba mpaka wa hifadhi unajulikana na pundamilia.

Langoni kitabu kilikuwa mezani. Askari wa hifadhi aliandika namba ya gari, saa, majina na mahali kila mmoja alikotoka. Sajini alijibu kwa niaba ya wote: Kampala. Saa ilikuwa nane na dakika tano, maana dereva alipumzishwa Lyantonde makusudi. Askari yule, alipotambua kwamba wageni ni watu wa sare, aliuliza kwa heshima, "Afande, hamna silaha garini?" Hazikuwapo. Na zisiwepo kamwe: sheria haimruhusu mtu kuingia na bunduki katika hifadhi bila kibali, awe na cheo au asiwe nacho. Vivyo hivyo, mwendo ni wa polepole, kushuka garini ni mahali palipoonyeshwa tu, na kuendesha gari ovyo usiku ni marufuku. Askari aliyezoea kulala msituni huona masharti hayo kuwa ya watoto. Nyati wa Mburo hajui vyeo.

Jioni hiyo ilitimiza yote waliyoyalipia. Swala pala walikuwa kwa makundi, madume wenye pembe za kupinda mbali kidogo na majike. Mburo ndiyo makao yao makuu nchini Uganda, na inasemekana jina la Kampala lenyewe limetokana nao, kwa sababu zamani walilishwa katika vilima vya Buganda. Nyamera mmoja alisimama juu ya kichuguu kama mlinzi wa zamu. Pofu, mnyama mkubwa kuliko ng'ombe lakini mwoga kuliko mbuzi, walionekana kwa mbali tu, wakikimbia. Twiga walikuwapo pia, nao ni wageni katika nchi hiyo: kumi na watano waliletwa kutoka Murchison Falls katika 2015, na wamezaana. Bibi aliwatazama kwa mashaka. "Hawa hawakuwa wetu," alisema, na ni kweli.

Makao makuu ya hifadhi yako Rwonyo. Hapo pana vibanda vya kulala vya bei nafuu na mahali pa kupigia mahema. Uwanja mwingine wa mahema uko ukingoni mwa ziwa. Wanawake, bibi na watoto walipewa vibanda. Sajini na koplo walilala hemani, wakidai kwamba wanalinda. Usiku viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na sauti yao ya kukoroma ilisikika hadi alfajiri. Mtoto akitaka kwenda haja usiku, asitoke peke yake hata kwa hatua kumi. Aamshe mkubwa, na mkubwa amulike tochi pande zote kwanza.

Kabla ya kulala bibi aliwasimulia watoto habari za ziwa. Hapo zamani palikuwa na ndugu wawili, Kigarama na Mburo, waliokaa bondeni. Usiku mmoja Kigarama aliota hatari inakuja, akamsihi ndugu yake wahame. Mburo alipuuza. Kigarama akapanda vilimani na watu wake, na bonde likafurika maji, Mburo akazama. Ziwa likapewa jina lake, na vilima vikapewa la ndugu yake. Mtoto mkubwa wa koplo aliuliza kwa nini ziwa halikupewa jina la yule mwenye akili. Bibi alijibu kwamba mwenye akili alikuwa na vilima, hakuhitaji kukumbukwa.

Asubuhi wazazi wanaume na vijana wakubwa walitembea kwa miguu, wakiongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hii ni fahari ya Mburo, kwa kuwa mbuga nyingi zenye simba na tembo hazimruhusu mgeni kuliacha gari. Wengine walipanda mashua. Kila mtu alivalishwa jaketi la kuokolea, bibi naye pia, ijapokuwa alilalamika kwamba linambana. Katika saa mbili za kuzunguka kando ya mafunjo waliona viboko wengi, mamba wawili waliolala kinywa wazi, mdiria akining'inia hewani juu ya samaki wake, na furukombe akilia juu ya mti mkavu. Mama mwenye mtoto mchanga na asiipande mashua hiyo kama jua limeshakuwa kali. Yafaa apande ile ya mapema.

Katikati ya ziwa bibi alimgusa kiongozi wa mashua begani, akamwomba azime injini. Alionyesha kilima upande wa pili, kilichojaa migunga midogo iliyosongamana. Alisema kwamba zamani kilima kile kilikuwa cheupe kwa nyasi, kwa kuwa ng'ombe na moto wa kiangazi havikukiachia kichaka kuota. Alionyesha mahali pa kunyweshea, yaani lile birika la udongo walilolisiriba kila asubuhi, na njia ambayo ndama walishukia. Hakuna aliyeweza kuona chochote isipokuwa vichaka. Kiongozi wa mashua, kijana wa huko huko, alisema polepole kwamba hata wao siku hizi wanaikata migunga hiyo, maana imewanyima wanyama malisho. "Mngeniuliza," bibi alisema, wala hakusema kwa ugomvi.

Alitaka kuchukua ua moja la majini. Kiongozi alimweleza kwamba haruhusiwi mtu kutoa kitu hifadhini, hata jiwe. Akaurudisha mkono wake ndani ya mashua.

Walifika langoni saa saba na dakika ishirini na tano, dakika arobaini kabla kiingilio hakijaisha. Askari wa zamu alifungua kitabu ili aandike saa ya kutoka. Bibi alishuka garini, akiegemea bega la mjukuu wake, akaomba asomewe mstari wake. Alisomewa jina, na mahali alikotoka: Kampala.

"Hapo si kweli," alisema, akataja jina la kilima.

Askari alimtazama sajini, sajini akatazama chini. Nafasi katika mstari ilikuwa imekwisha. Askari akaandika jina la kilima kwa herufi ndogo juu ya neno Kampala, akauliza kama ameliandika sawasawa, bibi akamwambia aongeze herufi moja, akaiongeza, kisha akafungua lango.